Njoo na Mtu Anayekujua

Mjini Kasulu kuna watu wengi leo wanaokula mshahara kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye yeye mwenyewe kazi ilikuwa inamkataa. Tulimwita Mama Usaili. Alikuwa na duka la steshenari nyuma ya soko: mlango mmoja, mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, na benchi ambalo halikuwahi kukaa tupu. Kilichompa jina ni kuwaandaa watu kwa yale maswali ya tabia unayoulizwa kabla hujaajiriwa. Sisi alitufaulisha. Yeye aliyafeli mara nne.

Na kazi alikuwa anaitaka, msidhani. Aliitaka kazi moja tu duniani, kuwa matroni wa bweni la wasichana. Tangazo la umatroni likibandikwa popote, Kasulu, Kibondo, hata Kakonko, alifunga duka, akavaa gauni lake la bluu, akaenda. Akarudi. Nitawaambia mwishoni kama aliipata au hakuipata, lakini kwanza mumjue, maana ukimjua nusu tu utamchukia.

Alizaliwa wapi sikuuliza. Wengine walisema ana ndugu Ujiji, kwa jinsi alivyofunga mtandio wake, na kwa jinsi Kiswahili kilivyomteleza mdomoni wakati wengi wetu tunakipanda kama mlima. Hayo yanatosha.

Basi tuanze na huo mdomo. Ukipiga picha ya pasipoti kwake ukamwambia, "Mama, naona kama sijatoka vizuri," aliitazama picha, akakutazama wewe, akarudi kwenye picha, halafu akasema, "Umetoka. Huyu ndiye wewe." Kung'arisha sura kwa kompyuta alikuwa anajua na alikuwa hataki. Kuna binti mmoja wa chuo cha ualimu alilia pale dukani kwa sababu ya paji lake la uso. Mama Usaili akampa kitambaa, akasubiri kwa upole kabisa, akamwambia, "Ukimaliza kulia tutapiga nyingine, mwanangu. Itatoka hiyohiyo." Yule binti akacheka na makamasi yake, na picha ya pili ikatoka nzuri kweli, kwa sababu alikuwa bado ana kicheko usoni.

Siku nyingine alikuja jamaa na cheti chake cha kidato cha nne. Hesabu alikuwa na D. Akainama juu ya kaunta, akanong'ona, "Mama, kompyuta si hiyo hapo? Hii D tuigeuze B, kitu kidogo tu." Mama Usaili alichukua rula ya chuma ya kukatia karatasi, akaanza kuzunguka kaunta taratibu. Yule jamaa alitoka mbio akaacha cheti, akapita katikati ya akina mama wanaouza mawese, na mpaka leo wapo wanaomwita Bwana D. Kile cheti alikitia lamineti, D yake ikiwa pale pale inang'aa, akampelekea mama mzazi wa yule kijana. Alisema karatasi ya mtu ni ya kutunzwa hata kama ina aibu.

Hasira alikuwa nazo, tena za karibu. Bodaboda ikimrushia matope mlangoni, maneno aliyoyatoa yalimfikia dereva akiwa ameshapita kona ya stendi. Baada ya dakika tano unamkuta anaimba. Na kuchelewa! Duka lilifunguliwa saa tatu, saa nne, siku nyingine saa tano, na sisi tumekaa kwenye benchi kama vifaranga tunangoja. Akifika anapita katikati yetu bila haraka, "Mwakeye, mwakeye," salamu ya Kiha ya asubuhi, na jua lenyewe liko utosini. Ukutani kwake alibandika karatasi kubwa iliyochapwa kwa herufi nyeusi: KUCHELEWA NI TABIA MBAYA. Nilimuuliza siku moja hilo tangazo ni la nani.

"La kwangu," alinijibu. "Najisomea."

Sasa niwaeleze maswali yenyewe, maana msomaji wa mbali anaweza kufikiri ni hesabu au sheria. Siyo. Unapewa kishikwambi, ile kompyuta bapa ya kushika mkononi, juu yake sentensi, na kando yake visanduku vitano. *Mimi ni mtu mwaminifu.* Sikubali kabisa, sikubali, sina uhakika, nakubali, nakubali kabisa. Unachagua kimoja, unasonga. Mashirika yanayofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ndiyo yaliyotuletea mambo haya, halafu shule za binafsi zikaiga, halafu na kampuni. Majibu yanasomwa na mtu aliye mbali asiyekujua hata kwa jina la kijiji.

Na sisi watu wa milima hii tuna ugonjwa wetu. Kujisifu kwetu ni aibu. Muulize mtu wa Makere amelima maharage kiasi gani, ana shamba ambalo ukisimama huku huoni mwisho, atakwambia, "Aah, tumegusagusa tu." Mgeni akiisifu nyumba yako unasema ni kibanda cha kujifichia mvua. Mtoto akiwa wa kwanza darasani unasema walimu walimwonea huruma. Bibi yangu kule Nyakitonto alitulea na methali moja asubuhi na jioni: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa mpe mtu aliyelelewa hivyo kile kishikwambi. *Mimi ni mtu mwaminifu.* Anafikiri. Nani anasema mwenyewe kwamba ni mwaminifu? Mwizi ndiye anayesema hivyo. Anabonyeza: sina uhakika. *Mimi ni mchapakazi.* Hilo waseme wengine. Sina uhakika. *Naweza kukabidhiwa ghala la shirika.* Sina uhakika. Fikiria yule msomaji wa mbali, ofisini kwake, anapokea majibu kutoka Kasulu, watu arobaini, na wote arobaini hawana uhakika kama wao ni wezi! Walitukata wote. Na sisi tukarudi nyumbani tukilalamika kwamba kazi zina wenyewe.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao arobaini. Nilimaliza chuo cha ualimu, ajira ya serikali ikanipita mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaomba kazi ya ofisi. Maswali sitini, na hamsini na nne nikaweka sina uhakika, nikatoka nimejivunia adabu yangu.

Mara ya pili nikawa mjanja. Kwenye magrupu ya simu kulikuwa na kitu kinazunguka kinaitwa majibu ya kupasi. Kila jema, nakubali kabisa. Kila baya, sikubali kabisa. Rahisi! *Sijawahi kumkasirikia mtu.* Nakubali kabisa. *Sijawahi kuchelewa mahali popote.* Nakubali kabisa. *Sijawahi kusema uongo tangu nizaliwe.* Nakubali kabisa. Nilikuwa sijui kwamba hayo ndiyo maswali ya kukunasia. Wakitukuta tumekaa malaika thelathini kwenye chumba kimoja Kasulu, wanajua mmoja tu ndiye aliyeandika na wengine wamenakili.

Nikakatwa tena. Ndipo nikaenda kwa Mama Usaili, nimenuna.

"Ulijaza na nani?" aliniuliza.

"Peke yangu, Mama."

"Ndipo ulipoharibu. Wewe umeona wapi bwana harusi anakwenda kujiposea? Anakaa pembeni kimya kama sufuria, mshenga ndiye anayesema. Na mshenga anasema kwa sababu anamjua. Mtu haoni kisogo chake, mwanangu. Njoo na mtu anayekujua."

Nikamtolea methali ya bibi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kizuri chajiuza sokoni, wanunuzi wakiwa wanakiona. Kwenye kompyuta nani amekiona?"

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na sijaiona popote pengine. Mwombaji anakaa kwenye benchi amefunga mdomo. Shahidi anakaa kwenye stuli mbele ya kaunta. Mama Usaili anasoma maswali ya mazoezi kwa sauti, shahidi anajibu, yeye anatia alama kwa penseli. Mwombaji akifungua kinywa anaonyeshwa rula. Mwishoni unapewa karatasi yako ukaisome nyumbani, ujue watu wanakuonaje, na siku ya usaili unakwenda kujibu mwenyewe kama mtu aliyejitazama kwenye kioo. Na hakutaka rafiki wa kupiga naye picha. Alitaka mtu mliyekula naye ugali wa muhogo siku mboga ilipokosekana.

Mambo tuliyoyaona kwenye stuli ile! Dereva mmoja wa bodaboda alimleta mkewe. Mama Usaili akasoma, "Huyu mtu hukasirika upesi." Yule mwanamke alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Mumewe akasahau sheria, akapiga kelele kutoka kwenye benchi, "Mama, hapo andika sina uhakika!" Mkewe akageuka, akasema, "Mimi ninao!" Lakini alipoulizwa kama akiahidi kitu hutimiza, yule mwanamke aliacha kucheka, akasema, "Huyu? Akisema saa moja atakuwa amefika, chakula nakipakua saa moja kasoro." Mume aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia hivyo tangu wamefunga ndoa.

Mwingine alileta shahidi wa kuokota stendi. Shahidi anajibu haraka kama redio, nakubali kabisa, nakubali kabisa. Mama Usaili akaweka penseli chini. "Huyu mwenzio anapenda mboga gani? Ana wadogo wangapi? Jina lake la pili?" Shahidi akatazama mlango. Waliondoka wote wawili kwa miguu minne.

Mimi siku yangu ilipofika, kwetu hakukuwa na mtu isipokuwa wifi yangu, mke wa kaka. Na mimi na wifi, jamani, tulikuwa hatuivi. Alikuwa ananisema sana kwa kukaa nyumbani kwao na diploma yangu kabatini. Nilikwenda naye kwa sababu nilikosa pa kukimbilia, na njia nzima nilikuwa najiambia leo nitaanikwa. Alikaa kwenye stuli, akakunja khanga yake mapajani. "Huyu mtu ni mchapakazi," alisoma Mama Usaili. Wifi akasema, "Huyu nilipojifungua alifua nguo zangu zile ambazo hata mama yangu alizikwepa. Andika unachojua wewe." Swali lililofuata lilihusu hasira. "Ananuna. Ananuna wiki nzima, tena hajui kununa kimya, anagonga masufuria." Lililofuata lilihusu uaminifu. "Mimi ninamwachia watoto wangu. Unataka uaminifu gani mwingine?"

Nilikaa pale kwenye benchi machozi yananitiririka. Miaka minne nimekaa na yule mwanamke nikidhani ananichukia. Wiki mbili baadaye nilifanya usaili, nikaweka kwamba naweza kukabidhiwa kazi, nikaweka kwamba nanuna, nikafaulu.

Tuliomfahamu vizuri tulijiuliza swali moja. Kama njia ni hiyo, kwa nini yeye anafeli? Jibu nililipata mwenyewe, kwa sababu nilikaa kwake miezi minane kabla sijakubali kumleta wifi kwenye stuli, pale ugomvi wangu na yeye ulipokuwa umepamba moto. Uani kwake kulikuwa na chumba chenye vitanda viwili, na humo alikuwa anawaweka wasichana: wa chuo waliokosa pa kulala, waliofukuzwa na ndugu, mmoja aliyetoka kambini na mtoto mgongoni. Hakutangaza, hakuuliza dini. Aliuliza umekula. Msichana akiumwa tumbo la mwezi alikuta chupa ya chai ya tangawizi mlangoni, haijulikani imefikaje. Akichelewa kurudi alimkuta Mama Usaili amekaa kizingitini na tochi, na hapo ndipo ungesikia matusi ya kila kona ya mkoa wa Kigoma. Halafu anakupakulia maharage. "Bweni langu lina vitanda viwili," alikuwa anasema. "Nipewe la vitanda mia uone."

Siku moja nilikuta karatasi yake ya mazoezi, amejaza peke yake. *Nina hasira.* Nakubali kabisa. *Huchelewa.* Nakubali kabisa. *Hupenda kuamrisha.* Nakubali kabisa, na amekandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka. Yale mazuri yote alikuwa ameyaacha wazi au ameyawekea sina uhakika. Mkali wa sura za watu, na ya kwake mwenyewe alikuwa anaitazama upande wa makovu tu. Nilimfuata dukani nikamwambia, "Mama, mimi nitakaa kwenye stuli. Mimi nakujua."

Alinikatalia palepale. "Wewe unalala kwangu, unakula kwangu. Shahidi unayemlisha si shahidi."

"Basi mchukue aliyeondoka."

"Aliyeondoka ana mambo yake. Nisimsumbue." Akageukia mashine ya fotokopi akaipiga ubavuni, ingawa siku hiyo ilikuwa nzima.

Niliumia sana. Nilimwona mtu aliyekaa na watu mchana kutwa, na ikifika zamu yake ya kuulizwa, hana wa kumkalisha. Wasichana aliowalea walipangiwa kazi Buhigwe, Uvinza, Tabora, wakampigia simu sikukuu. Mimi pia nilipata kazi yangu Kibondo nikaondoka. Nilimpigia simu sikukuu.

Baadaye watu wakaanza kujaza maombi kwa simu zao, wamelala kitandani. Benchi likaanza kukaa tupu. Ile mashine ya fotokopi ikafa kifo cha kweli. Nilikuwa napata habari zake kwa vipande tu, kutoka kwa abiria wa Kasulu.

Mwezi uliopita ofisi yetu ilitangaza nafasi ya matroni. Tuna hosteli ya wasichana hapa Kibondo, mabinti sabini na wawili, na matroni wa zamani alikuwa amehama ghafla. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka hamsini na tano. Asubuhi ya usaili, mimi ndiye niliyekuwa nagawa vishikwambi. Waombaji kumi na mmoja wamekaa, wote wasichana wa juzi na jana, na mwisho kabisa kwenye kona, gauni la bluu.

Miguu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la stendi. Alikuwa amefika kabla ya wote. Niliambiwa na mlinzi kwamba alimkuta getini kabla hajafungua.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba, ofisa," alijibu, kama mtu asiyenijua. Nikaelewa. Alikuwa ananilinda mimi, nisije nikaambiwa nimeleta mtu wangu. Akapokea kishikwambi kwa mikono miwili. Nilitazama fomu yake ya maombi, nikaona amezaliwa tarehe ambayo ukipiga hesabu inampa miaka hamsini na nne na miezi kumi. Hakukuwa na tangazo lingine la kungoja. Na pale palipoandikwa jina la mdhamini, mtu wa kuulizwa habari zake, hapakuwa na kitu.

Wenzake walimaliza mmoja mmoja wakatoka. Yeye alibaki. Nilimsogelea kama mtu anayekagua meza. Alikuwa amefika swali la sitini, la mwisho, na kile kishikwambi hakikubali kutuma mpaka yote yajibiwe. *Watu hunitegemea.* Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

"Ofisa," alininong'oneza, na mara hii alinitazama machoni. "Hili sina mtu wa kumuuliza."

Nilikwenda moja kwa moja kwa bosi. Bosi wetu ni mtu wa mbali, mtaratibu, hajui hata kuitikia mwakeye. Nikamwambia yule mama namjua, nimelala kwake miezi minane, kwa hiyo sistahili kumsimamia, na naomba niwe mdhamini wake.

"Ukimdhamini unatoka kwenye usaili," alisema. "Na akiharibu huko hostelini, jina nitakalolitafuta ni lako. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Na bado unataka?"

"Bado nataka."

Akanipa dodoso la mdhamini kwenye kishikwambi kingine. Maswali ni yaleyale, ila badala ya mimi yanasema mwombaji. Nilikaa kwenye korido nikajaza, na sikumfichia. *Mwombaji ana hasira.* Nakubali kabisa. *Mwombaji huchelewa.* Hapo nilifikiri, nikakumbuka habari ya mlinzi, lakini miaka ni mingi kuliko asubuhi moja, nikaweka nakubali. *Mwombaji hupenda kuamrisha.* Nakubali kabisa. *Mwombaji hutimiza ahadi. Mwombaji huona shida ya mtu kabla hajaambiwa. Watu humtegemea mwombaji.* Nilibonyeza kwa nguvu, kama vile kompyuta inajua nguvu ya kidole.

Bosi akatuita wote wawili. Aliweka vile vishikwambi viwili kando kwa kando, akasoma kwa muda mrefu.

"Mama, hapa umeandika una hasira."

"Ninazo."

"Na mdhamini wako ameandika una hasira."

Mama Usaili akanigeukia. "Wewe!"

"Si unazo, Mama?"

"Ninazo, lakini za kwangu nizitaje mimi!"

Bosi aliuma mdomo. Akaendelea, unachelewa, unaamrisha, kila baya alilolisoma upande mmoja alilikuta upande wa pili. "Miaka yangu yote," alisema, "mdhamini ananiletea malaika, na mwombaji ananiletea malaika mwingine asiyefanana naye. Leo ndiyo mara ya kwanza naletewa mtu mmoja." Halafu akaonyesha swali la sitini. "Hili hujajibu."

Mama Usaili alitazama mikono yake.

Mlango ulikuwa wazi. Dereva wa ofisi alikuwa amesimama hapo na funguo zake, alikuja kuchukua barua. Akakohoa. "Samahani, bosi. Mimi kama si huyu mama nisingekuwa na kazi hii. Nilimpeleka shangazi yangu kwake, ndipo nikafaulu." Nyuma yake akatokea mama wa jikoni na sinia la chai, akaliinua kidogo kama mtu anayenyoosha mkono darasani. "Mimi nililala kwake na mwanangu mwaka mzima," alisema. "Hakuniuliza natoka wapi." Mtunza ghala, ambaye huwa hasemi na mtu, akasema kutoka koridoni, "Na mimi. Alinifukuza mara mbili kwanza, lakini na mimi."

Bosi alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anahesabu ni nani kwenye ofisi yake hakupitia kwenye ile stuli.

Mama Usaili alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Haya," alisema polepole. "Kama mmesema ninyi." Akavuta kishikwambi, akabonyeza kisanduku cha mwisho kabisa, nakubali kabisa, akakituma kabla hajabadili mawazo.

"Unaweza kuanza lini, Mama?" bosi aliuliza. "Mwanzo wa mwezi?"

Alikunja uso, zile hasira zake zikarudi zote mahali pake. "Mwanzo wa mwezi? Na leo wale watoto sabini na wawili wanalala na nani?"

Dereva alikuwa ameshatoka kwenda kuwasha gari.